Kabla Hujalipia Gesi: Ushauri kwa Wenye Viyoyozi Jinja na Mbale

Joto la Januari likianza, maswali huwa yaleyale, yawe yametoka Walukuba, Bugembe au Namakwekwe: "AC yangu haipozi tena. Fundi amesema gesi imepungua. Kwa mwaka inatakiwa kuongezwa kiasi gani?"

Hakuna gesi ya mwaka. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Mashine haiichomi wala haiimalizi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na kiyoyozi kilichofungwa vizuri huweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi kwa gesi ileile. Ikipungua, imevuja. Kwa hiyo kwanza hakikisha imepungua kweli, kisha patafutwe inapovujia pazibwe, ndipo ijazwe kwa kupimwa uzito. Anayeanza na kujaza atakurudia msimu ujao kwa bili ileile.

Hatua za mwanzo utazifanya mwenyewe. Kufungua mabomba waachie mafundi waliofunzwa na wenye vifaa: gesi ikitoka ikiwa kimiminika hugandisha ngozi na jicho papo hapo, na kwenye mashine zinazotumia gesi aina ya R410A upande wa shinikizo kubwa hufika psi 360 hivi hata siku ya kawaida ya Jinja. Hatua za fundi nimeziandika pia, ili ukisimama pembeni ujue kinachopaswa kufanywa na ukiona kimerukwa useme.

Anza na yasiyohusu gesi

Mashine nyingi zinazosemwa "hazina gesi" zina gesi yake yote. Kagua haya kwanza:

- Rimoti. Iwe kwenye alama ya theluji, si ya feni wala ya matone ya maji.
- Chujio la ndani. Litoe, lioshe kwa maji na sabuni kidogo, likauke kivulini. Chujio lililoziba huzuia hewa mpaka koili ikaganda barafu.
- Koili ya nje. Wanaokaa karibu na ziwa huko Jinja wanawajua wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi. Hunasa kwenye mapezi ya koili na kufanya mkeka. Penye barabara ya murram, vumbi hufanya kazi hiyohiyo. Zima umeme kwenye swichi kuu, osha kwa mpira wa kawaida wa maji, polepole. Usitumie mashine ya kuoshea magari, maana hulaza mapezi na hewa haipiti tena.
- Nafasi ya kipande cha nje. Wengi wamekijengea kizimba cha chuma na kuezeka mabati juu kwa kuogopa wezi. Kizimba kiwe na nafasi wazi mbele, la sivyo mashine inavuta hewa moto iliyoitoa yenyewe.
- Umeme. Kiwango chetu ni volti 240. Pima kompresa ikiwa inafanya kazi, hasa saa moja hadi saa nne usiku wakati mtaa mzima umewasha. Ikishuka chini ya volti 200 hivi, kompresa itanguruma bila kuwaka au itajizima. Hilo peleka kwa UEDCL, ambayo tangu Aprili 2025 imechukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme, na uulize fundi umeme kuhusu stabilaiza. Gesi haitakusaidia.
- Kapasita na feni ya nje. Feni ikizunguka kwa uvivu au isipozunguka, zima mara moja uite fundi.

Kipimajoto kimoja na dakika ishirini

Huhitaji geji ya shinikizo kujua kama kuna tatizo. Nunua kipimajoto cha dijitali chenye waya, kisha:

1. Funga madirisha na milango. Weka rimoti kwenye nyuzi 16 au 18, feni juu.
2. Subiri dakika 15 hadi 20.
3. Pima hewa inayoingia juu ya kipande cha ndani, halafu inayotoka mdomoni. Usiguse chuma.
4. Toa moja kwa nyingine. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri.

Asubuhi baada ya mvua, Jinja ikiwa na unyevu wa ziwa, unaweza kupata 7 au 8 na mashine ikawa nzima kabisa. Nguvu zake nyingi zinakwenda kukausha hewa. Angalia mpira wa kutolea maji: ukitiririka vizuri, kiyoyozi kinafanya kazi. Ukipata 4 au 5, maji hayatiririki, na vyote nilivyotaja juu ni safi, hapo gesi inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Isome barafu

Fungua mfuniko wa mbele uangalie koili. Barafu iliyoifunika yote sawasawa mara nyingi ni ya hewa kuzuiwa: chujio, uchafu kwenye koili, au feni ya ndani iliyojaa vumbi. Barafu iliyoanzia upande mmoja tu, pale bomba jembamba linapoingilia, huku sehemu nyingine ya koili ikiwa kavu na vuguvugu, ni dalili ya gesi kidogo. Nje napo, bomba jembamba likiwa na barafu na lile nene likiwa kavu bila jasho, dalili ni hiyohiyo. Bomba nene lenye jasho la baridi mpaka linapoingia kwenye kipande cha nje ni ishara njema.

Tazama pia madoa ya mafuta kwenye nati za maungio. Gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa, na vumbi hunata hapo. Doa jeusi lenye mafuta kwenye nati ni mahali pa kwanza pa kumwonyesha fundi.

Usiivunje barafu kwa kisu wala bisibisi. Zima kiyoyozi, washa feni peke yake, iyeyuke.

Fundi amefika: mwulize haya kabla hajafungua kitu

- Una mizani?
- Una pampu ya kunyonya hewa, na kipimo cha maikroni?
- Una mtungi wa nitrojeni?
- Gesi uliyoleta ni aina gani, na kibandiko cha mashine kinasemaje?

Akijibu kwamba geji inatosha, mshukuru kwa heshima na utafute mwingine. Simdharau fundi asiye na vifaa. Wengi walijifunza kwa kushika kazi na wana mikono mizuri. Lakini geji peke yake haiwezi kujua kuna gramu ngapi ndani, na hilo halibadiliki kwa uzoefu.

Kwa nini geji inadanganya, na huku kwetu zaidi

Viyoyozi vingi vya nyumbani vina sehemu moja tu ya kuunganisha geji, kwenye bomba nene. Shinikizo lake hupanda na kushuka kwa joto la chumbani, joto la nje, uchafu na mwendo wa feni. Kusema "R22 ijazwe mpaka psi 70" au "R410A mpaka 120" ni kutaja shinikizo la gesi inapochemka kwenye nyuzi 5 hivi, basi. Hakukuambii kama koili imejaa inavyotakiwa.

Mbale kuna mtego wake. Jioni upepo wa mlimani ukishuka kutoka Wanale, hewa ya nje inapoa haraka. Nje kukipoa, shinikizo la upande wa juu hushuka, gesi inayosukumwa kwenda koili ya ndani inapungua, na geji inasoma chini ingawa gesi ipo yote. Fundi aliyechelewa kazini anaongeza. Kesho saa nane mchana mashine imejaa kupita kiasi, inavuta ampea nyingi na kujizima. Kazi ya gesi ifanywe kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri.

Kisha kuna mwinuko. Jinja na Mbale ziko takribani mita 1,150 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya gesi kwa kawaida huchapishwa kwa usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo la psi 14.7; huku kwetu ni kama 12.8. Geji ya mshale hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, kwa hiyo itasoma karibu psi 2 zaidi ya jedwali kwa gesi yenye joto lilelile. Toa 2 kabla ya kutazama jedwali. Kwa R22 hilo ni kosa la karibu nyuzi moja; kwa R410A ni kama nusu nyuzi. Ni dogo, lakini ni bure kulirekebisha. Geji nyingi za dijitali zina mahali pa kuingiza mwinuko.

Kwenye kunyonya hewa, mwinuko huohuo unapoteza watu kabisa. Video na vitabu vinaonyesha mshale ukishuka hadi inchi 29 au 30 chini ya sifuri. Jinja hautafika huko hata pampu ikiwa mpya, kwa sababu hewa yenyewe ina inchi 26 tu za kutoa. Nimeulizwa na mafundi vijana waliobadilisha mafuta ya pampu, mipira, hata pampu yenyewe, wakitafuta inchi 30 ambazo hazipo huku. Na ubaya mwingine: mshale ukishakaa 26 hauwezi kutofautisha maikroni 500 na maikroni 5,000. Ya kwanza ni kavu, ya pili ina maji ndani. Kipimo cha maikroni hupima moja kwa moja shinikizo lililobaki ndani na hakijali uko Mombasa au Mbale.

Inveta zina sharti lake

Kompresa ya inveta hubadilisha mwendo. Chumba kikikaribia joto lililowekwa, inapunguza kasi na shinikizo la bomba nene linapanda; mtu akisoma geji wakati huo anapata takwimu isiyo na maana. Tumia hali ya majaribio iliyoelezwa kwenye kitabu cha mashine, inayolazimisha kompresa ikimbie kwa mwendo maalumu. Kitabu kikiwa kimepotea, usikisie: toa gesi, jaza kwa uzito.

Kujaza kwa uzito, hatua kwa hatua

1. Soma kibandiko cha kipande cha nje. Kinataja aina ya gesi na uzito, mfano R410A, kilo 0.95. Kipige picha; jua letu hukifuta.
2. Toa gesi iliyobaki kwa mashine ya kuirejesha mtungini, ipimwe. Kilichotoka kikiwa gramu 600 kati ya 950, sasa una ushahidi wa kuvuja. Kikiwa 940, gesi haikuwa tatizo, na mmeokoa pesa.
3. Ingiza nitrojeni kavu, usizidi shinikizo la juu lililoandikwa kwenye kibandiko. Paka povu zito la sabuni kwenye nati zote, kwenye valvu ndogo ya kuunganishia geji, kwenye sehemu zilizochomelewa na kona za koili. Acha kwa muda. Oksijeni ni marufuku kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo, inalipuka na kuua. Hewa ya pampu ya matairi nayo hairuhusiwi.
4. Rekebisha. Mdomo wa bomba uliotanuliwa vibaya ukatwe na utengenezwe upya. Kuikaza nati kwa nguvu zaidi huupasua.
5. Nyonya hewa hadi chini ya maikroni 500. Funga valvu ya pampu, subiri dakika 10 hadi 15. Kipimo kikipanda kidogo na kusimama, kuna unyevu, endelea kunyonya. Kikipanda bila kusimama, bado kunavuja.
6. Weka mtungi wa gesi juu ya mizani, toa hewa kwenye mpira, rudisha mizani sifuri.
7. Jaza uzito wa kibandiko pamoja na nyongeza ya urefu wa bomba. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, itoke mtungini ikiwa kimiminika. Iliyobaki ikiingizwa mashine ikiwa inafanya kazi, ipite kidogo kidogo, maana kompresa ikimeza kimiminika inavunjika.

Nyongeza ya bomba husahaulika sana kwenye nyumba za zamani za Jinja na Mbale, zile zenye duka mbele na ua nyuma, ambapo kipande cha ndani kiko upande wa barabara na cha nje kiko uani. Kiwandani mashine hujazwa kwa bomba la mita 5 au 7.5 hivi, zaidi ya hapo kila mita inataka gramu zake. Tuseme mashine ya kilo 0.95 ilijazwa kwa mita 5, bomba lako ni mita 9, na kitabu kinataka gramu 20 kwa mita. Mita 4 za ziada ni gramu 80, jumla kilo 1.03. Gramu hizo 80 zikikosekana, chumba hakitapoa saa nane mchana na kila mtu ataisingizia mashine.

Uhakiki wa mwisho: bomba nene

Baada ya dakika 15 za kazi, fundi asome shinikizo, alibadilishe kuwa joto kwa jedwali, kisha apime joto la bomba nene karibu na valvu, kipimajoto kikiwa kimefungwa na kufunikwa sponji. Kwa R22, geji ya Jinja ikisoma 72, toa 2, jedwali linasema nyuzi 5. Bomba likiwa nyuzi 12, tofauti ni 7. Kwa mashine zisizo za inveta, kati ya 5 na 12 siku ya joto la kawaida ni sawa. Zaidi ya 15 huku koili zikiwa safi, gesi ni kidogo. Chini ya 3, imezidi au hewa ya ndani imezuiwa. Ampea za kompresa nazo zisizidi zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Usichanganye gesi

R22 ni ya mashine za zamani. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, Uganda ikiwamo, zilikubali kupunguza matumizi ya jamii hiyo ya gesi kwa asilimia 35 ifikapo 2020 na 67.5 ifikapo 2025, hadi kuiacha 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Itazidi kuadimika. Mashine yako ya R22 ikiwa imetoboka koili, usiweke pesa nyingi juu yake.

R410A ina shinikizo la karibu mara 1.6 ya R22. Mipira na geji za R22 zisitumike. R32 inaweza kushika moto, na propani, yaani R290, inawaka kwa urahisi kabisa. Kwa hizo mbili fungua madirisha, usivute sigara, na bomba lisichomelewe kabla halijatolewa gesi na kupitishiwa nitrojeni. Kuna propani inayouzwa kwa jina la "R22a" kama mbadala wa R22. Mashine ya R22 haikutengenezwa kwa gesi inayowaka, ikatae.

Mitungi ya bandia nayo ipo duniani. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi, kwa sababu gesi iliyojazwa ilikuwa imechanganywa na kemikali inayoshambulia alumini. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti.

Mnayonipinga nayo

*"Mwaka jana aliongeza tu, ikapoa. Kosa liko wapi?"* Ilipoa kwa sababu ilikuwa imepungua, na mwaka huu imepungua tena palepale. Wakati mwingine koili ilikuwa chafu tu: gesi ya ziada ilipandisha joto la koili, barafu ikatoweka, ikaonekana kama imepona huku kompresa ikibeba mzigo mkubwa zaidi.

*"Mizani ya gesi ni ghali."* Mizani ya dijitali ya dukani inayobeba kilo 30 na kusoma gramu 5 au 10 inatosha kwa kazi ya nyumbani. Majirani wawili wakimwita fundi siku moja, hata gharama ya kukodi nitrojeni inagawanyika.

*"Gesi kidogo iliyobaki si anaiachia tu hewani?"* Hapana. Kilo moja ya R410A hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksidi, na R22 inaharibu pia ozoni. Fundi asiye na mtungi wa kurejeshea aazime. Mambo ya ozoni nchini yako chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Kabla fundi hajaondoka

Kwa kalamu isiyofutika, andikeni ndani ya mfuniko wa kipande cha nje: tarehe, aina ya gesi, gramu zilizotolewa na zilizoingizwa, urefu wa bomba, maikroni mlizofikia, volti na ampea, na mahali palipovuja. Vifuniko vya shaba vya valvu virudishwe na kukazwa, kwa kuwa navyo huzuia kuvuja. Kisha rudia kipimo cha kipimajoto ukiwa naye hapo, umlipe, na urudie tena peke yako baada ya wiki mbili.